Kete ya Paundi Tano na Karata ya Nusu Milioni
Julai 2019, kwenye mnada wa Sotheby's jijini London, kete moja ya sataranji isiyofika hata sentimita 9 iliuzwa kwa paundi 735,000. Ni sanamu ya mlinzi mwenye ndevu, ameshika upanga na ngao, iliyochongwa kwa pembe ya walarasi, mnyama wa bahari ya barafu. Inatoka katika kundi la kete za Lewis, zilizopatikana mwaka 1831 kwenye kisiwa cha Lewis huko Scotland. Mfanyabiashara wa vitu vya kale wa Edinburgh aliinunua mwaka 1964 kwa paundi 5 tu, akaiandika kwenye daftari lake la manunuzi. Familia yake ikairithi na kuihifadhi kwenye droo bila kujua wamekalia nini.

Jicho la kushoto la mlinzi huyo limeharibika, lakini wanunuzi hawakulijali. Kitu kilichobaki kimoja kimoja duniani husamehewa makovu yake.

Karata haisamehewi. Januari 2021, kwenye mtandao wa eBay, karata ya Black Lotus ya toleo la kwanza la mchezo wa Magic: The Gathering ilifika dola 511,100. Miaka miwili kabla, nyingine ya toleo hilohilo, iliyopewa alama 9.5 kati ya 10 kwa hali yake, ilikuwa imeweka rekodi ya dola 166,100. Ya 2021 ilikuwa na alama 10 kamili, na kasha lake lilikuwa na saini ya Christopher Rush, mchoraji wake, aliyefariki mwaka 2016. Wakaguzi hutazama pembe nne, kingo, uso wa karata, na kama picha imekaa katikati. Pembe ikichubuka kidogo tu, alama zinashuka na bei inaporomoka. Karata hiyo ilichapwa mwaka 1993, takriban nakala 1,100 katika toleo la kwanza, na nyingi zilichezwa bila kifuko chochote. Tangu 1996 kampuni inayomiliki mchezo imeahidi kutoichapa upya kwa ajili ya mashindano, na ahadi hiyo imechangia bei kuliko uzuri wa mchoro.

Mnunuzi wa eBay huandika kiwango chake cha juu kabisa, na mfumo humwongezea dau polepole kila anapopitwa. Wazoefu husubiri sekunde za mwisho. Mimi naona ni salama zaidi kuamua kiwango mapema na kuondoka, kwa sababu dakika za mwisho za mnada zimewalipisha watu wengi wasichokusudia.

Rekodi ya Monopoly inaniuma. Desemba 2010, Sotheby's ya New York iliuza ubao wa duara ambao Charles Darrow, aliyeuza mchezo huo kama wake, aliuchora kwa mkono mwaka 1933 kwenye kitambaa cha meza kilichopakwa mafuta. Ulipata dola 146,500. Lakini Elizabeth Magie alikuwa ameshasajili hataza ya mchezo uliozaa Monopoly mwaka 1904, karibu miaka thelathini kabla ya Darrow. Soko limelipa jina lililokuwa kwenye sanduku la dukani.

Kwa urefu wa kucheza, mchezo wa ubao wa vita The Campaign for North Africa wa 1979 hauna mpinzani wa karibu. Kuucheza wote, katika vita vya Pili vya Dunia huko Libya na Misri, kunakadiriwa kuchukua zaidi ya saa elfu moja, na kuna kanuni inayowapa askari wa Italia maji ya ziada ya kupikia pasta. Nakala inayosakwa zaidi ni ile ambayo vipande vyake havijabanduliwa kwenye karatasi zake, yaani ambayo haijachezwa kamwe.

Ukitaka kuuza mchezo wa Dungeons & Dragons wa 1974, toleo la nakala 1,000 zilizofungashwa kwa mkono, piga picha vijitabu vyote vitatu, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Sanduku lenye karatasi ya rangi ya mbao lilitumika pia kwa matoleo yaliyofuata, na mnunuzi makini atataka kuona maandishi ya ndani kabla hajaweka dau.