Toa Hewa Katika Breki za Gari Lako

Mkulima, ukikanyaga breki za pikapu yako na pedali ikazama, usipakie maziwa wala viazi. Huenda hewa imeingia katika mafuta ya breki. Tazama kwanza kama yanavuja, ukatengeneze hapo, kisha jaza kikopo chake.

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na kikopo. Vika mpira mwembamba kwenye skrubu ya kutolea hewa. Ncha ya pili izame katika chupa yenye mafuta ya breki. Mwenzako akanyage pedali. Wewe legeza skrubu, uikaze kabla hajainua mguu. Rudia mpaka mapovu yaishe, ukiongeza mafuta mapya. Fanya hivyo kila gurudumu.

Usitie mafuta ya injini kamwe: huharibu mipira ya breki, na mteremkoni gari halitasimama.