Fahamu: Apraksia, pale mkono mzima unaposhindwa kuchana nywele
Mgonjwa wa kiharusi anapewa kitana. Mkono una nguvu, kitana anakijua, na alichoambiwa amekielewa. Bado anakigeuzageuza, asijue aanzie wapi. Hiyo ni apraksia: misuli ni mizima, lakini ubongo umepoteza mpangilio wa matendo uliyojifunza. Daktari Mjerumani Hugo Liepmann aliieleza mwaka 1900, na baadaye akaonyesha kuwa upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoyaongoza zaidi matendo hayo.

Linalowachanganya ndugu ni hili: mgonjwa akiombwa apunge mkono anashindwa, lakini mgeni akiaga huenda akaupunga vizuri. Wanamdhania mkaidi. Si ukaidi hata kidogo! Msimkaripie, mpelekeni kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, afanye mazoezi ya kuvaa na kula, hatua kwa hatua.