Mwanagenzi wa Gofu na Amana ya Hendikapu

Mama mmoja mwenye asili ya Pwani, ambaye kwa sasa anaishi Silibwet katika Kaunti ya Bomet, ametuletea swali ambalo hatukulitarajia katika ukurasa huu. Yeye na binti yake wameanza kujifunza gofu, na mwalimu wao amewaambia watafute hendikapu kabla ya kuingia mashindanoni. Anauliza ni kitu gani, hupatikana vipi, na je, hakuna ndani yake harufu ya kamari?

Hendikapu ni kipimo kinachoonyesha mchezaji apunguziwe mikwaju mingapi ili ashindane kwa haki na aliyemzidi. Michezo yenye uadilifu wa namna hii ni michache. Binti aliyeanza mwaka huu aweza kumshinda mtu mwenye miaka ishirini uwanjani, na ushindi wake ukawa halali.

Tangu mwaka 2020 mifumo sita iliyokuwa ikitumika duniani iliunganishwa ikawa mmoja. Mwanagenzi hujiunga na klabu, kisha huwasilisha kadi za mashimo 54, yaani raundi tatu za mashimo 18, au za mashimo tisa tisa zikijumlishwa. Wala asivunjike moyo kwa shimo moja lililomshinda: kabla hajapata hendikapu, shimo linalokadiriwa mikwaju minne haliandikwi zaidi ya tisa, hata akipiga kumi na nne.

Kwa nini basi isichukuliwe jumla ya mikwaju peke yake? Kwa sababu viwanja havilingani. Kericho, penye klabu ya gofu katikati ya nchi ya chai, ni nyanda za juu zipatazo mita 2,000 kutoka usawa wa bahari; hewa ni nyepesi na mpira huruka mbali. Mombasa mpira hupambana na hewa nzito na upepo wa bahari. Kwa hiyo kila uwanja hupewa namba mbili: makadirio ya mikwaju ya mchezaji hodari, na kipimo cha ugumu wake kwa mchezaji wa kawaida, ambacho msingi wake ni 113.

Tuchukue mfano wa kukisia. Makadirio ya uwanja ni 70 na ugumu ni 113. Binti amepiga 118, 112 na 115. Toa 70 kila mara: zabaki 48, 42 na 45. Ugumu ukiwa mwingine, kila tofauti huzidishwa kwa 113 na kugawanywa kwa ugumu huo. Kwa kadi tatu huchukuliwa tofauti ndogo kabisa, 42, ikapunguzwa 2. Hendikapu yake ni 40. Upeo wa juu ni 54, kwa wanawake na wanaume sawasawa.

Kadi zikifika 20, huchukuliwa wastani wa nane zilizo bora. Hapa wengi hubabaika. Hendikapu haielezi mchezo wako wa kila siku, bali uwezo wako siku ya kheri. Mara nyingi utacheza chini yake, na si aibu.

Hesabu yote hii imesimama juu ya ukweli wa kadi. Wapo wafichao raundi zao nzuri ili hendikapu ibaki kubwa, kisha wakachukua zawadi siku ya mashindano. Hao kwetu sisi ni ndugu wa wapunjao, ambao Sura nzima imeitwa kwa jina lao.

Ama kamari, haimo katika hendikapu yenyewe. Huingia pale wachezaji wanapotoa fedha kila mmoja ili mshindi azikombe. Hilo waliepuke, hata likiitwa mzaha wa marafiki.

Aliuliza pia kama yeye na bintiye waweza kutiliana saini kadi zao. Ushauri wetu ni kwamba kadi tatu za mwanzo zishuhudiwe na mtu asiye wa nyumba yao.