Moyo Unaoruka Mapigo, na Hofu Yake

Leo tunazungumza juu ya moyo unaopiga bila mpango, na hofu inayoandamana nao.

Mama mmoja muuza omena alikuja kliniki akaniambia, "Sista, kuna ndege ndani ya kifua changu." Usiku moyo unaruka, unatulia, unakimbia tena. Majirani walisema ni majini. Mimi nami nilikosea. Nilimshika mkono sekunde 15, nikazidisha mara nne, nikamwambia ni mawazo tu, akapumzike. Alipokuja mara ya tatu ndipo nilipohesabu dakika nzima, nikasikia: pigo, pigo, kimya, mapigo matatu ya haraka, kimya tena.

Moyo una umeme wake wenyewe. Huanzia mahali padogo kwenye chumba cha juu cha kulia, hushuka hadi vyumba vya chini, navyo husukuma damu. Kwa mtu mzima aliyetulia, moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Kwa mama huyu, vyumba vya juu vilikuwa vinatetemeka tu, kama maji ya ugali yanayokaribia kuchemka. Damu ikikawia humo huweza kuganda, na donge likipanda kwenye ubongo, mtu hupata kiharusi.

Chanzo kimoja kikubwa huku kwetu Afrika Mashariki, hasa kwa vijana na akina mama, ni homa ya rumatiki ya utotoni. Hutokana na maumivu ya koo ambayo hayakutibiwa, na huharibu vali za moyo polepole. Presha, ugonjwa wa tezi la shingoni na pombe pia huchangia. Si kila moyo unaokimbia una ugonjwa huu: upungufu wa damu baada ya malaria hukimbiza moyo, na miraa pamoja na vinywaji vya kuzuia usingizi humfanya hivyo dereva anayekesha akingoja kuvuka. Ndiyo maana tunataka kipimo cha umeme wa moyo, sio kubahatisha.

Sasa tuje kwenye hofu. Mama yule hata baada ya kuanza dawa aliacha kuvuka kwenda upande wa Uganda kununua mali. Aliogopa kuanguka katikati ya umati. Alilala ameketi, kidole kwenye kifundo cha mkono, akihesabu. Mtu akiogopa, mwili humwaga adrenalini, nayo huongeza kasi ya moyo. Akisikia kasi hiyo huogopa zaidi, na moyo huzidi. Huo si wazimu wala upungufu wa imani.

Nilimshauri hivi. Moyo ukianza, keti, legeza mabega, vuta pumzi ukihesabu hadi nne, itoe polepole ukihesabu hadi sita, kwa dakika chache. Hesabu mapigo mara moja asubuhi, dakika nzima, uandike kwenye daftari, kisha uliache daftari. Kujipima kila saa ni kuilisha hofu. Na umwambie mtu mmoja unayeuza naye, ajue la kufanya.

La kufanya ni hili: ukizimia, ukibanwa na kifua, ukikosa pumzi, au uso ukipinda, mkono ukilegea na maneno yakikwama, usikae ukivuta pumzi. Panda bodaboda au gari lolote, nenda hospitali wakati huohuo, usiku au mchana.

Wengi hupewa warfarini ili damu isigande. Dawa hii inataka nidhamu. Kipimo cha damu kinachoitwa INR hakikosekani. Eldoret, kwenye hospitali ya rufaa ya Moi, wafamasia wamesimamia kliniki ya dawa hii kwa miaka mingi. Kunde, mrenda na sukuma wiki hupunguza nguvu yake. Hujakatazwa kula, ila kula kiasi kilekile kila wiki. Usinunue diklofenaki, brufeni wala aspirini dukani bila kuuliza, maana unaweza kutokwa damu. Sisi wa mpakani tuna mtego wetu: dawa iliyonunuliwa ng'ambo yaweza kuwa na miligramu tofauti na ile ya huku. Soma namba kwenye pakiti kabla ya kumeza. Na ukitaka kushika mimba, au ukihisi tayari unayo, fika kliniki mapema, kwa kuwa warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mama yule bado ana ndege wake siku mojamoja. Mwezi uliopita alivuka daraja, akarudi na magunia mawili. Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya koo la mtoto, kwa kuwa huko ndiko ugonjwa wake ulikoanzia.