"Muvi Ikoje?" Kwa Nini Jibu Lako Lina Uzito Kuliko Unavyodhani

Ni Ijumaa usiku. Mtu ameweka bando, simu imejaa chaji, kazi za wiki zimeisha. Kabla hajabonyeza chochote anauliza kwenye kundi la WhatsApp: "Jamani, ile muvi mpya ikoje?"

Majibu yanamiminika. Wa kwanza: "Noma sana." Wa pili: "Hamna kitu pale." Wa tatu, bila hata kuombwa: "Stelingi anakufa mwishoni."

Ndani ya dakika moja watu watatu wametoa maoni, na muulizaji hajapata msaada wowote. Wawili wa mwanzo hawakusema kwa nini. Wa tatu ndiye kabisa, amemwaga mtama.

Inaonekana ni jambo dogo, la kupiga stori tu. Lakini maoni hayo ya juujuu ndiyo yanayoamua pesa ya mtu iende wapi, na mara nyingine ndiyo yanayoamua kama filamu itaishi au itazikwa.

Filamu iliyookolewa na midomo ya watu

Mfano mzuri ni The Shawshank Redemption, filamu ya Marekani ya mwaka 1994 yenye Tim Robbins na Morgan Freeman. Ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 25. Ilipotoka kwenye majumba ya sinema mara ya kwanza, iliingiza kama dola milioni 16 tu. Ikatajwa kuwania tuzo 7 za Oscar, haikupata hata moja.

Kwa hesabu hizo, muvi ilikuwa imeshakufa. Lakini watu wakaanza kuikodi kwenye kanda za video, kisha ikarudiwarudiwa kwenye televisheni. Aliyeiona alimwambia jirani, jirani naye akamwambia shemeji. Leo, kwa miaka mingi sasa, filamu hiyo imekuwa ikiongoza orodha ya filamu 250 bora ya tovuti ya IMDb, orodha inayotokana na kura za watazamaji wa kawaida.

Wahenga walisema chema chajiuza. Kwenye muvi, chema hujiuza kama kuna mtu wa kukisemea.

Ile asilimia haimaanishi unachodhani

Siku hizi wengi hawamuulizi mtu. Wanaangalia namba. Shida ni kwamba kila namba ina hesabu yake.

Chukua Rotten Tomatoes, tovuti iliyoanza mwaka 1998. Muvi ikiwa na asilimia 90, wengi husema "imepata 90 kwa 100," kama mtihani wa shule. Sivyo. Maana yake ni kwamba kati ya kila wahakiki 10, 9 waliipitisha. Kila mmoja wao anaweza kuwa amesema "si mbaya, inatazamika," na bado namba ikasoma 90. Filamu ikifikisha asilimia 60 na kuendelea hupewa nyanya nyekundu. Chini ya hapo ni nyanya ya kijani iliyopasuka.

IMDb ni tofauti. Pale watazamaji wenyewe hutoa alama kuanzia 1 hadi 10, halafu tovuti inapiga wastani kwa kanuni yake.

CinemaScore nayo huwauliza watu wanaotoka ukumbini siku filamu inapoanza kuonyeshwa. Wao hutoa daraja, kutoka A+ hadi F.

Ndiyo maana muvi moja inaweza kusifiwa huku na kupondwa kule. Mwaka 2017 ilitoka mother! ya mwongozaji Darren Aronofsky, iliyochezwa na Jennifer Lawrence. Wahakiki wengi waliipitisha, ikapata nyanya nyekundu. Watazamaji wa siku ya kwanza wakaipa F, daraja la chini kabisa. Wengi walikwenda wakitarajia muvi ya kutisha ya kawaida, wakakuta hadithi ya mafumbo. Hasira ilikuwa ya kuahidiwa ugali ukaletewa biriani. Hata biriani likiwa zuri, siyo ulichoagiza.

Kuhukumu muvi ambayo hujaiona

Kuna tabia nyingine mbaya zaidi: kuponda filamu kabla haijatoka. Mtu hampendi mwigizaji, au kakasirishwa na tangazo, basi anaingia mtandaoni na wenzake kumwaga matusi.

Mwaka 2019, muda mfupi kabla ya Captain Marvel kutoka, Rotten Tomatoes iliacha kuruhusu watazamaji kuandika maoni kuhusu filamu ambayo bado haijaanza kuonyeshwa. Sababu iko wazi: maoni ya mtu ambaye hajatazama si maoni, ni kelele.

Hata mtaani yapo. "Ile muvi mbovu." Umeiona? "Aah, nimesikia tu."

Kumwaga mtama: dhambi au mazoea?

Vita vya kuficha mwisho wa filamu ni vya zamani. Mwaka 1960, Alfred Hitchcock alipotoa Psycho, majumba ya sinema yalitangaza kwamba hakuna kuingia filamu ikishaanza. Alitaka kila mtu apate mshtuko wake mwenyewe, tena kwa mpangilio alioupanga yeye.

Lakini sayansi ina maneno tofauti kidogo. Mwaka 2011, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi wasome. Wengine waliambiwa mwisho mapema. Matokeo yalishangaza: waliojua mwisho walizifurahia hadithi sawa na wenzao, au hata zaidi. Tafiti nyingine za baadaye zilipata majibu tofauti, kwa hiyo mjadala haujafungwa.

Aliyekulia kwenye banda la video wala hatashangaa sana. Pale watu walirudia Commando ya Arnold Schwarzenegger mpaka wakawa wanajua risasi inayofuata inatoka wapi, na bado walilipa kiingilio. Watafsiri kama Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya walijijengea jina kwa kuisimulia muvi huku inaendelea, na utani wao ukawa sehemu ya burudani.

Tofauti ni ridhaa. Anayekwenda kumsikiliza DJ amekubali kusimuliwa. Yule wa kwenye kundi la WhatsApp hakuomba. Mshtuko wa mara ya kwanza haurudi. Ukishamnyang'anya mtu, huwezi kumlipa.

Filamu za nyumbani: huruma au haki?

Kwenye filamu za hapa Afrika Mashariki, maoni huenda pande mbili za kupindukia. Upande mmoja: "Za kibongo mimi sitazami." Anahukumu mamia ya filamu kwa mkupuo. Upande mwingine: "Tumsapoti wa kwetu," hata kama sauti haisikiki na hadithi haieleweki.

Zote mbili zinaumiza. Ya kwanza inamnyima msanii mtazamaji. Ya pili inamnyima nafasi ya kujua alipokosea. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Angalia Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotoka mwaka 2021, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto nchini Kanada, na baadaye Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Inatokana na riwaya ya Adam Shafi, na hadithi yake iko Zanzibar ya miaka ya 1950, wakati wa ukoloni. Mtu aliyeisoma riwaya ataitazama akitafuta sehemu anazozikumbuka. Ambaye hajaisoma ataangalia picha, mapenzi ya Yasmin na Denge, na siasa za wakati ule. Wawili hao wanaweza kutoka na maoni tofauti kabisa, na hakuna mwongo kati yao. Cha muhimu mmoja aseme: "Mimi nilisoma kitabu kwanza." Sentensi hiyo fupi inamwambia msikilizaji maoni yanatoka wapi.

Namna ya kujibu "ikoje?" kwa sentensi chache

Si lazima mtu awe mhakiki. Mambo manne yanatosha:

1. Ni muvi ya aina gani. Ya mapigano, mapenzi, kipelelezi, kuchekesha? Ndefu au fupi?

2. Kitu kimoja kilichokugusa. Mwigizaji fulani, picha, muziki, mazungumzo. Kimoja tu, lakini kitajwe.

3. Kitu kimoja kilichokukera. Nacho kitajwe kwa jina. "Mbovu" haimsaidii mtu. "Nusu saa ya mwanzo inakwenda polepole mno" inamsaidia.

4. Inamfaa nani. Hili ndilo wengi husahau. Je, unaweza kuitazama na mama mkwe sebuleni? Watoto wakiwepo?

Mfano: "Ni ya kipelelezi, kama saa mbili hivi. Mwanzo inachosha, vumilia. Yule mama muuza samaki kaigiza mpaka unasahau ni muvi. Sauti kuna sehemu haisikiki vizuri. Usiiweke watoto wakiwa macho."

Hapo hakuna siri iliyotoka, na anayesikia anaweza kuamua mwenyewe. Asiyependa mwanzo wa polepole ataiacha. Anayependa uigizaji mzuri ataifuata. Wote wawili wametumia maoni yaleyale.

Kama ni lazima kuzungumzia mwisho, uliza kwanza: "Umeshaiona?" Na kwenye kundi, andika onyo juu, acha nafasi chini yake, ndipo uendelee. Anayetaka kusoma atashuka mwenyewe.

Ukibishiwa je?

Kuna watu wakisikia muvi waipendayo inapondwa, wanachukulia kama wametukanwa wao. Urafiki unaingia doa kwa sababu ya filamu ambayo hata aliyeitengeneza hawafahamu.

"Sikuipenda" si sawa na "ni mbovu." La kwanza ni la mtu binafsi, halina ubishi. La pili ni madai, na madai yanahitaji sababu. Mtu akianza na la kwanza, ugomvi mwingi unakufa kabla ya kuzaliwa.

Turudi kwa yule wa Ijumaa usiku. Bado ameshika simu, bando linahesabu siku zake. Hahitaji hotuba wala asilimia. Anahitaji mtu mmoja aliyeitazama kweli, atakayemwambia kilichomfurahisha na kilichomchosha, halafu amwachie mwisho wake aukute mwenyewe.