Bilauri Mbili za Maji ya Machungwa

Kwetu mgeni hupewa maji ya kunywa kwanza, ndipo aulizwe atokako na aendako. Leo twataka kuwasimulia ninyi, wazazi na walimu, habari ya wageni wawili walionyimwa kinywaji hali wamekwisha kukilipia, na ya mambo yaliyofuata; maana hayo yaliyofuata ndiyo yastahiliyo kufikiriwa zaidi.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1957, Bwana Komla Gbedemah, Waziri wa Fedha wa Ghana, alikuwa safarini Marekani, katika jimbo la Delaware. Nchi yake ilikuwa imepata uhuru mwezi wa Machi mwaka ule ule. Pamoja naye alikuwapo karani wake, Bill Sutherland, Mmarekani mweusi, ambaye watu wa Dar es Salaam walimjua baadaye, kwa kuwa alihamia huko katika miaka ya 1960 akakaa miaka mingi. Katika mji wa Dover wakaingia hoteli moja ya chakula ya kampuni ya Howard Johnson, wakaagiza bilauri mbili za maji ya machungwa, wakatoa fedha. Mtumishi akawaambia wakanywee nje, kwa kuwa watu weusi hawana ruhusa ya kula wala kunywa mle ndani. Bwana Gbedemah akamwita msimamizi, akajitambulisha ni nani. Msimamizi naye akajibu neno lile lile. Basi waziri akayaacha maji, akaiacha na chenji yake, akatoka.

Lakini hakunyamaza. Alisema kwamba Bwana Nixon, Makamu wa Rais wa Marekani, amepata kula nyumbani kwake huko Ghana. Imekuwaje yeye akataliwe katika hoteli ya kando ya njia? Neno hilo liliwachoma wakubwa. Magazeti yakaieneza habari, na serikali ya Marekani ikaomba radhi, nayo kampuni ikaomba radhi. Hata tarehe 10 Oktoba Rais Eisenhower akamkaribisha Bwana Gbedemah kifungua kinywa katika Ikulu. Wengi walilisifu tendo hilo, na sisi hatulidharau. Mwenye nyumba aonaye haya kwa ajili ya mgeni wake hufanya lililompasa. Hata hivyo twauliza: aliyefutwa aibu ni nani? Ni waziri. Wale weusi wa Marekani waliokataliwa siku zote katika hoteli za namna ile hawakuandikiwa barua ya radhi.

Tazameni lililotukia katika jimbo lile lile mwaka uliofuata. Mwezi wa Agosti 1958, Bwana William Burton, diwani wa mji wa Wilmington, alikataliwa katika mkahawa uliokuwa ndani ya jengo la kuwekea motokaa, jengo la shirika la serikali. Huyu hakuwa mgeni wa taifa. Alikuwa mwenyeji, mlipa kodi. Rais hakumwita mezani. Ilimpasa kushitaki, na mahakama ya juu ya jimbo ikamkataa. Ndipo mwezi wa Aprili 1961 Mahakama Kuu ya Marekani ikampa haki yake.

Mwaka huo huo shida ikazidi katika barabara kuu namba 40, ipitayo Maryland, ambayo mabalozi wa nchi mpya za Afrika waliifuata kutoka New York kwenda Washington. Mwezi wa Juni balozi wa Chad, Bwana Adam Malick Sow, alikataliwa njiani humo. Serikali ya Rais Kennedy ikatuma watu kuwasihi wenye hoteli wawapokee mabalozi. Twafahamu sababu: Marekani ilikuwa ikishindana na Urusi kutafuta urafiki wa mataifa mapya, na kila mlango uliofungwa ulikuwa habari njema kwa adui zake. Kazi hiyo ilikuwa na faida, lakini ilikuwa na kasoro kubwa, nayo ilionyeshwa wazi na waandishi watatu weusi wa gazeti la Afro-American la Baltimore.

Mwezi wa Agosti 1961 watu hao walivaa majoho, wakapanda motokaa ya fahari, wakajiita wakubwa kutoka nchi ya Kiafrika iitwayo Goban. Nchi hiyo haipo duniani! Wakapita hoteli za barabara ile, na kadhaa zikawaketisha na kuwaandalia chakula. Ngozi zao zilikuwa zile zile za jana. Kilichobadilika ni nguo. Gazeti lao likatoa habari yote, wasomaji wakacheka, na wengine wakaona uchungu katika kicheko chao. Maana mwana wa nchi ilimbidi ajifanye mgeni ndipo apate kuketi katika nchi yake mwenyewe.

Tangu hapo vijana, weusi kwa weupe, wakazidi kwenda kuketi katika hoteli hizo na kukataa kuondoka, wengine wakafungwa. Mwaka 1963 Maryland ilitunga sheria iliyohusu sehemu tu ya jimbo. Tarehe 2 Julai 1964 Rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria ya nchi nzima, isemayo kwamba hoteli za chakula zisimkatae mtu kwa ajili ya rangi yake, awe balozi au mchukuzi. Tangu siku ya bilauri zile mbili ilikuwa imepita karibu miaka saba.