Tuishi na Nyoka bila Kuumwa

Wengi wetu hapa Ilemba tunamwogopa moma. Wengine humwita kifutu. Ni nyoka mnene na mzito. Rangi yake hufanana na majani makavu. Mtu akija, mara nyingi moma hakimbii. Hulala kimya asionekane. Kwa hiyo watu humkanyaga gizani, naye huuma mguu.

Je, tuwaue nyoka wote? Hapana. Moma hula panya, na panya hula mahindi yetu. Tena wako nyoka waliobaki wachache. Katika milima ya Usambara, mkoani Tanga, yuko nyoka mwenye sumu na vipembe juu ya macho. Nje ya Tanzania hapatikani. Misitu ikikatwa, hana pa kuishi.

Watu wengine huumwa wakati wanapojaribu kumpiga nyoka. Ukimwona, simama. Rudi nyuma taratibu, umwachie njia.

Jikinge hivi:

1. Fyeka majani kuzunguka nyumba. Usirundike kuni karibu na mlango.

2. Hifadhi mahindi vizuri. Panya wakija, nyoka huwafuata.

3. Usiku tembea na tochi. Shambani vaa viatu, hasa buti.

4. Usitie mkono shimoni. Gusa kuni kwa fimbo kabla ya kuziokota.

5. Lala kitandani, ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro.

Kila mwaka watu zaidi ya 80,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka. Wengi wangepona kama wangepata dawa mapema.

Mtu akiumwa, mlaze na kumtuliza. Asitembee. Mvue viatu, pete na bangili kabla hajavimba. Funga kijiti kilichonyooka kando ya mguu ili usitikisike, lakini usikaze. Usichanje. Usinyonye sumu. Usikaze kamba juu ya jeraha, kwa sababu sumu ya moma huozesha nyama, na kamba huzidisha. Mguu unaweza kukatwa.

Msipoteze muda kwa mizizi wala jiwe jeusi. Msimtafute nyoka. Mbebeni mgonjwa kwa machela au pikipiki mpaka kituo cha afya. Mmoja wenu apige simu mbele kuuliza kama dawa ya sumu ya nyoka ipo. Kama haipo, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Leo, kabla jua halijazama, zunguka nyumba yako. Majani marefu yakikaribia mlango, yafyeke.